Kanda Zilizobisha Hodi

Maryam aliyakosa maziko ya mama yake. Sisi maiti hatuiweki, na ndege yake ilitua wanaume wameshatoka makaburini, viatu vyao vimejaa udongo mlangoni. Alipoingia katika fleti ile ya nyuma ya Edgware Road hakukaa na wanawake waliokuwa wakisoma. Alinisogelea, akanishika kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini kama zile kanda bado zipo. Nikamwambia zipo, zimo katika sanduku la viatu chini ya kitanda cha marehemu, lakini mashine ya kuzipigia ilikufa zamani. Aziza, binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakuelewa mpaka kikohozi halafu anakujibu kwa Kiingereza, akasema, "I'll find one, Mum," na kweli akaja na tepurekoda kuukuu aliyoinunua sijui wapi. Tulingoja hitma ipite na wageni wapungue. Kisha tukakaa mimi na Maryam, bibi wawili wenye magoti mabovu, chai mbele yetu, na kabla sijabonyeza kifungo nikamwambia asubiri kwanza nimsimulie. Kanda bila ya mwaka ule ni kelele tu, na mwaka ule yeye hakuwako upande huu.

Nilikuwa sijatimiza miaka ishirini, natandika vitanda katika hoteli moja karibu na Marble Arch, nimepanga chumba kidogo kwa Bi Zuhura, mama yake, katika fleti hii hii. Chumba chenyewe ukifungua mlango unagonga kitanda, ukifungua dirisha unatazamana na ukuta wa jirani. Lakini sebule yake ilikuwa pana, na siku ya Jumapili ilikuwa pana zaidi, sijui kwa muujiza gani, maana watu waliokuwa wakiingia mle hawalingani na viti. Bi Zuhura alikuwa muuguzi katika wodi ya wazee. Wiki nzima anawageuza, anawaosha, anawalisha vijiko vya supu, anarudi miguu imevimba, anaitia katika beseni la maji ya chumvi. Ungetegemea Jumapili alale. Yeye Jumapili aliamka alfajiri akaanza kukaanga vitunguu, na harufu ile ikapita chini ya mlango wangu ikaniamsha na mimi. Muhogo tuliufuata mtaa wa Tooting, kwa Mhindi mmoja aliyetoka Kampala, ambaye kila akituona hutuuliza nazi Zanzibar siku hizi bei gani, kama kwamba tumetoka huko jana. Heater ya mafuta ya taa ilikaa katikati ya chumba na watu wakaizunguka na sahani mapajani. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, kwamba unakula kwanza, halafu ndiyo unasema shida yako. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, na baadhi yake ni zangu mwenyewe, lakini sijaweza kuwakalisha watu kama alivyowakalisha yule mwanamke.

Watu hawakuja kwa pilau peke yake. Walikuja kusikiliza kanda. Baada ya Mapinduzi jamaa zetu walitawanyika, na kundi moja kubwa liliishia katika mji wa jangwani, bara ya Omani, mbali na bahari. Mji wenyewe sitautaja, watu wake wapo na wanapenda ugomvi. Huko alikuwako mwalimu wa skuli, Maalim Nassor, ambaye kila mwezi au karibu yake alikaa mbele ya mashine akaturikodia habari za mji wao, na kanda ikaletwa na wasafiri. Waomani walikuwa wakija London kutibiwa na kununua vitu, wanafikia hoteli ile ile niliyokuwa nikitandika vitanda, na mara nyingi mimi ndiye niliyepewa: kanda imefungwa kwenye kitambaa, kando yake bakuli la halua. Nilivificha chini ya mashuka machafu katika kigari changu mpaka saa ya kutoka.

Nilikuwa sijafika jangwani na nikaujua mji ule mtaa kwa mtaa. Maalim Nassor alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka. Alitueleza kwamba mzunguko wa kwanza wa magari umejengwa na watu wanauzunguka kwa starehe jioni, familia nzima, bila ya kwenda popote. Alitueleza harusi iliyopigwa na upepo wa mchanga mpaka wageni wakatafuna pilau inalia menoni, na hakuna aliyeacha kula kwa sababu mpishi alikuwa mkali. Alitupa habari za kikundi chao cha taarabu: hewa kavu ya kule imepasua udi, mpigaji akalia kama amefiwa, na udi mpya uliokuja unalazwa bafuni, umefunikwa kwa taulo mbichi, na watu wa nyumba wanaoga kwa jirani. Alitueleza nani kaoa, nani kajenga, nani kanunua mbuzi akamfunga kwenye mlango wa msikiti. Tulicheka mpaka machozi.

Na alikuwa na adabu moja ambayo wageni wetu waliishangaa. Kanda yake haikuanza na habari. Ilianza, "Hodi. Hodi wenyewe." Kisha kimya. Kimya hicho kilikuwa chetu, na chumba kizima kiliitikia, "Karibu." Ndipo aseme, "Hamjambo nyote?" anyamaze tena, tumjibu hatujambo, amuulize kila mzee kwa jina lake, na kila mzee ajibu, ana sahani mkononi, kama mtu amekaa mbele yake. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani wamechanganyikiwa kwa baridi. Mara ya tatu nilijikuta na mimi nasema karibu. Mashine iko mezani na Maalim yuko jangwani kwake, na mtu wala hakuona ajabu.

Majibu yetu yalisomwa na Mzee Haroub. Alikuwa mkaguzi wa tiketi katika stesheni ya Stratford, mrefu, koti limepigwa pasi, na alizungumza Kiswahili ambacho ukikisikia unanyoosha mgongo. Alikusanya habari wiki nzima: kaunsili ya mtaa imempa nani nyumba, mtoto wa nani kafaulu, theluji imeanguka kiasi gani, na kule Tooting muhogo umepanda. Alipiga udi pia. Mimi nilikabidhiwa vifungo. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza alipoinua kidole na kusimamisha aliposhusha, na niliifanya kwa fahari ambayo sikuwahi kuipata kwenye mashuka. Mwisho wa kanda kila aliyekuwamo chumbani alisogea mbele ya mashine akatoa salamu kwa jamaa zake, na Bi Zuhura alikuwa wa mwisho daima, anafuta mikono kwa kanga akitokea jikoni.

Salamu zake zilikuwa za mtu mmoja. Alikuja London kusomea uuguzi akamwacha Maryam, mtoto mdogo, kwa bibi yake, iwe mwaka mmoja au miwili. Mapinduzi yakaja huku nyuma. Yeye hakuweza kurudi, na mtoto akachukuliwa na jamaa za baba kupelekwa Omani, akalelewa na mke mwingine wa baba. Barua za mama hazikujibiwa. Nguo alizompelekea zilipokelewa, na tulisikia zinavaliwa, lakini neno halikurudi. Siku moja mgeni wa kike kutoka kule alikuwa jikoni na Bi Zuhura, na mimi niko ukumbini navua viatu, nikamsikia akisema, "Usinikasirikie mimi, dada. N'nakwambia alivyosema mtoto. Kasema mama yake ni huyu anayempikia." Bi Zuhura akamjibu, "Kasema kweli. Mpelekee huyo anayempikia salamu zangu, mwambie ahsante." Kisha akamtilia mgeni chai. Nilisimama na kiatu kimoja mkononi, sikujua niingie au nitoke.

Lakini habari za Maryam zilimfika, na hapa ndipo ninapomvulia kofia Maalim Nassor. Katika kila kanda, katikati ya mizunguko ya magari na udi wa bafuni, kulikuwa na habari ya skuli ya wasichana. Wasichana wamecheza mchezo wa kuigiza, na aliyeigiza tajiri bahili, amevaa ndevu za manyoya ya mbuzi, ni Maryam binti Said, kawavunja watu mbavu. Wasichana wamefanya mtihani, na wa pili katika hesabu ni Maryam binti Said. Maryam binti Said alipata homa, sasa mzima. Aliisoma kama habari ya mji, sauti ile ile aliyosomea habari ya mbuzi, hakumtaja Bi Zuhura hata siku moja. Ilinichukua miezi kutambua kwamba katika mji mzima ule hakuna msichana mwengine aliyepata kuugua wala kupandishwa darasa. Bi Zuhura alisikiliza habari hizo amesimama kwenye mlango wa jikoni, na zikisha akarudi ndani kuangalia sufuria ambalo halikuhitaji kuangaliwa. Ile ya ndevu za mbuzi aliiomba irudishwe. Wote waliokuwamo walijifanya ni wao waliotaka kuisikia tena.

Kwa hivyo ilipofika zamu yake alisema kila mara maneno mamoja: "Maryam mwanangu, hujambo? Haya, alhamdulillahi, nafurahi kuwa hujambo. Soma sana. Mimi mzima." Yote kwa pumzi moja, kisha akarudi jikoni. Kama Maryam alikuwa akikaa katika kusanyiko lao la kusikiliza, au alikuwa akiondoka, hatukujua. Katika majina ya waliotoa salamu kule, jina lake halikutajwa kamwe.

Kosa la mwaka ule lilianzia kwa Mzee Haroub, na lilikuwa kosa la watu waliokaa London wakaanza kutembea upesi kwenye ngazi za stesheni. Jumapili moja alisema tunapoteza kanda. "Hebu fikirini," akasema, "hodi kimya, hamjambo kimya, shikamoo kimya. Tunapeleka ukimya Arabuni kwa ndege. Tukivikata vimya hivi inaingia nyimbo nzima." Nyimbo yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa yake, na udi wake alikuwa ameubadilisha nyuzi. Hakuna aliyempinga. Tukarikodi kanda moja isiyo na nafasi hata ya kumeza mate, hodi-hamjambo-shikamooni-sisi-wazima, na mwisho wake Mzee Haroub akapiga udi vizuri sana, sikatai.

Jibu lilikuja na mgeni wa ghorofa ya nne pale hotelini, na halua haikuwamo. Tulijua pale pale kwamba kuna jambo. Maalim Nassor alibisha hodi kwa utaratibu wake, akatungojea, akatuuliza hali, akatungojea. Kisha akasema, bila ya kupandisha sauti: "Kanda yenu tumeipata. Mmeingia hatujasema karibu. Mmetwambia shikamooni, tumefungua midomo tuitikie, nyinyi mnatueleza bei ya muhogo. Bibi mmoja hapa amebaki na marahaba mdomoni mpaka udi ulipokwisha. Sasa tunauliza, tumewakosea nini?" Mzee Haroub aliinamisha uso akaondoa uzi usiokuwako kwenye mkono wa koti lake. Alikuwa amekasirika, na mtu wa heshima akikasirika hutafuta hoja. "Nani," akasema, "nani mwenye akili zake anayeitikia mashine?" Akasahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameitikia dakika chache kabla, na sisi tulikuwa na adabu ya kutomkumbusha. Ikaamuliwa kwamba vimya virudishwe, kwa sharti kwamba watu wa jangwani watuletee ushahidi kuwa kweli wanaitikia.

Walipoondoka wote, mimi na Bi Zuhura tuliosha vyombo. Yeye anaosha, mimi nakausha. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana.

"Rukia," akasema, "na mie hufanya vivyo hivyo."

"Vipi, Bi Zuhura?"

"Namuuliza mtoto hujambo, namjibia mwenyewe."

Nikachukua sahani nyengine. Akaendelea, macho yake kwenye maji. "Nikinyamaza hofu inanishika. Nikinyamaza, na yeye asijibu, je?"

"Lakini wewe uko huku. Utajuaje kama hakujibu?"

"Nitajua," akasema. Ule muda wote niliokaa naye nilikuwa nikimwona mwanamke asiyeogopa kitu, si wakuu wake wa kazi, si maiti, si baridi. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba kumbe kimya cha kanda kinaweza kumshinda mtu wa namna ile.

Jumapili ya kurikodi Mzee Haroub alibisha hodi akasubiri kama mtu aliyefundishwa upya na mama yake. Alisema samahani pia, kwa maneno mazuri, kisha akalisema sharti la ushahidi kwa maneno mazuri vilevile. Habari zikapita, nyimbo ikawekewa nafasi yake mwisho, fupi. Watu wakatoa salamu. Bi Zuhura akaja akifuta mikono. Akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Salamu zake siku zote alizitoa amesimama. Akasema, "Maryam mwanangu, hujambo?" Na akanyamaza.

Basi likapita barabarani. Heater ikalia tik, tik. Kidole changu kilikuwa juu ya kifungo na nilikuwa namtazama Mzee Haroub, ambaye aliinua mkono wake kidogo, kama anavyofanya mtu anapotaka kukwambia zamu imekwisha. Bi Zuhura akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa, na mikono ameibana kwenye kanga, na machozi yalimtoka bila ya sauti, akayaacha. Mzee Haroub akaushusha mkono. Alijua kanda inakwenda na nyimbo yake inakwenda nayo, akakaa kitako, akautazama udi wake, akanyamaza pamoja na sisi. Sikumwambia siku ile, na sasa naye ametangulia, lakini kwa kukaa kitako kule nilimpenda kuliko kwa nyimbo zote alizowahi kupiga. Mwisho Bi Zuhura akasema, taratibu, "Mimi mzima," akaondoka. Kanda ikaisha katikati ya ubeti wa kwanza.

Kungoja kulikuwa kubaya. Bi Zuhura alitia chumvi mara mbili katika mchuzi, tukaula. Kila mgeni wa Omani aliyeingia hotelini nilimtandikia kitanda kama cha bwana harusi, nikitumai. Hatimaye ilikuja, na halua ilikuwamo, bakuli kubwa kuliko kawaida.

Maalim Nassor akabisha hodi, tukamkaribisha. Akasema, "Mzee Haroub ametaka ushahidi. Tumeazima mashine ya pili. Moja imepiga kanda yenu na nyengine imetuchukua sisi tukiisikiliza. Jisikilizeni." Kukaja mvumo wa feni, na ndani ya mvumo ule, kwa mbali, sauti ya Mzee Haroub kutoka chumba hiki hiki: hodi. Na watu wengi wakaitikia karibu, wazee na watoto, na bibi mmoja akachelewa akasema peke yake, karibu, na wenziwe wakamcheka. Tulijisikia tukibisha katika mlango wa watu tusiowaona, na tulisikia mlango unafunguliwa. Mzee Haroub alitoa leso akapenga pua kwa muda mrefu. Shikamooni yake ilipofika, marahaba ya bibi yule ilimwangukia kama amemngojea mlangoni. Kisha zikaja salamu, na Bi Zuhura akatoka jikoni, akasimama mlangoni.

Tulimsikia akiuliza, sauti ndogo ndani ya feni: "Maryam mwanangu, hujambo?" Tukasikia kimya chake, kile tulichokuwa tumekikalia sote, sasa kimekaliwa na watu wengine. Mtu akakohoa. Bilauri ikawekwa chini. Kiti kikaburuzwa, nyayo zikasogea, na karibu kabisa na mashine sauti ya msichana ikasema:

"Sijambo." Akavuta pumzi. "Shikamoo, mama."

Na akanyamaza.

Hapa ndipo nilipobonyeza kifungo kuisimamisha, wiki iliyopita, kanda ile ile ikiwa katika tepurekoda ya Aziza, kwa sababu Maryam alikuwa ameweka kikombe chake chini. Yeye na mama yake walikutana baadaye, si siri. Mama alikwenda, mtoto akaja, wakagombana kama mama na mwana yeyote na wakapatana vivyo hivyo. Lakini siku ile hawakuwahi kuizungumza.

"Nilikuwa nikikaa nyuma, karibu na mlango," akasema Maryam. "Kila kanda nilikuwepo. Ananiuliza hujambo, halafu anajijibu. Nikisema moyoni, huyu hanihitaji hata kwa hilo. Siku ile aliponyamaza nilidhani mashine imeharibika. Watu wote wakageuka kunitazama." Akakitazama kikombe. "Rukia, alisemaje? Nilimpa shikamoo. Yeye alisemaje? Miaka yote nimetaka kumuuliza, nikaona haya."

Nikamwambia. Nikamwonesha mlango wa jikoni aliposimama, na jinsi alivyoshika kanga yake akajifunika kichwani, ikakaa sawa, kama mtu amesikia wageni wanaingia. Nikamwambia alisema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema tena marahaba, na tena, na Maalim Nassor alikuwa ameshaingia kwenye habari za tende na hakuna mtu sebuleni aliyesikia hata tende moja.

Maryam akaniomba nirudishe kanda nyuma. Nikarudisha. Feni ikavuma, bilauri ikawekwa chini, kiti kikaburuzwa, na msichana akasema sijambo, shikamoo mama. Nafasi ikaja, ndefu, kama alivyoiacha. Nilitaka kumwitikia mimi, maana nilimwonea huruma, na marahaba ilikuwa ulimini. Maryam akanishika mkono. Alikuwa akitazama mlango wa jikoni, na sote wawili tukanyamaza, tukamwachia Bi Zuhura mwenyewe ajibu.